Fundi wa Breki Niliyemharibia Jina

Nitaanza na mguu wake wa kulia, maana hapa Tukuyu wengi waliujua ule mguu kabla ya kumjua mwenyewe. Ukimpelekea gari, hakufungua boneti. Alikaa kwenye mlango wa dereva, akavua kiatu, akavua soksi, akaufuta unyayo kwa kitambaa alichokitunza kwa kazi hiyo tu, halafu akauweka mguu mtupu juu ya pedeli ya breki. Anafumba macho. Anakanyaga polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Ninyi mliosimama pale mnyamaze, hata kikohozi mkimeze. Akifumbua macho anakwambia ugonjwa uko wapi, na mara nyingi ulikuwa hapohapo alipopasema.

Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, hayo watayasema siku ya msiba wale wanaojua kuyapanga. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaachia hapo, kwa hiyo msomaji akiona nimeruka huku na huku anivumilie, ndivyo nilivyo hata nikiongea. Lakini moja naliweka mezani mapema, asije mtu akadhani nimekaa kumsifu mzee wa watu. Huyu fundi aliacha kazi, na jina lake likazama, kwa sababu ya uongo wangu. Nilimdanganya kitu kidogo sana. Sasa ni mgonjwa, na ninachohangaika nacho ni kumrudishia jina lake angali hai analisikia.

Banda lake lilikuwa Msasani, la mabati, pembeni ya njia, na mlangoni pametapakaa dramu za breki zilizolika, ambamo kuku walitaga. Kazi yake breki peke yake. Ukimwambia injini inatoa moshi, anakujibu, "Nenda kwa mafundi wa moshi." Alikuwa na neno lake: "Injini ikifa utalala njiani, breki ikifa utalala moja kwa moja." Alilisema kila siku, hata kwa watu waliokuja kuuza mkaa.

Na ulimi alikuwa nao. Nakumbuka jamaa mmoja wa pikapu ya ndizi alikuja analalamika.

"Breki inashika, Fundi, ila mpaka niipige mara tatu."

"Na mkeo naye unamwita mara tatu ndipo aje?"

"Aa, yeye anakuja mara ya kwanza."

"Basi anakupenda kuliko gari lako. Telemka nione."

Watu wakacheka, na yule jamaa naye akacheka, kwa shingo upande. Halafu fundi akamweleza vizuri. Pedeli ukiipiga mara mbili tatu ikapanda, bresheni, zile zinazobana dramu kwa ndani, ziko mbali nayo, zikazwe kwanza kabla hujalaumu kingine. Ukiikanyaga ikakurudisha kama godoro, huo ni upepo umeingia kwenye mabomba. Ukiikanyaga ikasimama, halafu ukiendelea kuishikilia ikawa inazama taratibu mpaka chini, hapo tazama masta, ile silinda kuu inayosukuma mafuta, raba za ndani zinapitisha mafuta. Alisema pedeli haijui kusema uongo, ni sisi wenye magari.

Sasa niseme kichekesho chake kikubwa. Fundi wa breki hakupanda gari. Alikaa Lufingo, juu huko, na kila asubuhi alitelemka kwa miguu na mwavuli wake mweusi, na jioni akapanda kwa miguu. Siku moja mchungaji wake alimkuta njiani mvua inamwaga, akasimamisha gari. Fundi alikuwa mzee wa kanisa, na sauti ya nne kwenye kwaya ilikuwa yake.

"Mzee wangu, ingia, utaloa."

"Asante, Mchungaji."

"Ingia basi."

"Mchungaji, hilo gari nalijua."

Akaendelea kutembea. Mchungaji alileta gari bandani kesho yake asubuhi.

Tena kulikuwa na hili la mvua. Mafuta ya breki, alisema, yanakunywa maji hata hewani, kwa hiyo siku ya mvua au ukungu hakufungua kopo. Wewe mtu wa Dodoma unaweza kuona ni jambo la busara. Lakini hapa kwetu mvua ni mwenyeji na sisi ni wageni wake! Kuna majuma mazima alikaa bandani mikono mifukoni, wateja wanaondoka wananung'unika, mkewe nyumbani anauza maparachichi ili chumvi ipatikane. Kopo la mafuta alilifunga kwa nailoni mbili, akalihifadhi nyumbani chini ya kitanda. Mkewe alikuwa akisema, "Huyu analala juu ya mafuta yake kama kuku." Mimi namwambia, Fundi, punguza ugumu, watu watakwenda kwingine. Ananijibu, "Waende, barabara ni ileile watakayorudi nayo."

Alipenda sukari kupita kiasi. Vijiko vitano kwenye kikombe cha chai, na sisi hapa tunakaa katikati ya chai, kwa hiyo hesabu mwenyewe vikombe. Ugonjwa wake ulianzia hapo, ingawa yeye alisema ni baridi ya kulala chini ya magari.

Sasa nije kwenye desturi yake ya kazi, maana ndiyo iliyomwangusha. Kwetu, tangu wazee, mtu akiumwa ugonjwa usioeleweka, ndugu wanakaa pamoja kila mmoja aseme lililo kifuani mwake. Nani alikasirika na nani, nani alinung'unika jikoni. Waliamini manung'uniko yaliyofungwa kifuani yanamwendea mgonjwa, na dawa haifanyi kazi mpaka yatoke kwa mdomo. Makanisa hayapendi sana habari hizi, lakini nyumba nyingi bado zinafanya, halafu kesho wanakwenda ibadani.

Fundi alilifanya hilo kwa magari. Kabla ya kushika spana alikusimamisha mbele ya gari lako, pamoja na kila aliyeliendesha, na kuwauliza. Nani aliendesha. Lilibeba nini. Umegusa nini, umeweka nini. Mseme wenyewe. Mkishasema, hakuwauliza tena. Nilimwuliza zamani kwa nini asihakikishe, akaniangalia kama mtoto mpumbavu. "Mtu akishasema mbele ya gari lake, nikirudia kumhoji nimemwita mwongo. Mimi si polisi." Na wakati wa kutoa upepo, mwenye gari mwenyewe ndiye alikaa juu kukanyaga, yeye chini na spana na chupa. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Hivyo, alisema, mtu anaondoka anajua breki yake inavyotakiwa kuwa mguuni.

Mimi nilikuwa na gari la difu mbili, linalovuta kwa tairi zote nne, la zamani, umri wake unakaribia wangu, nyuma lina turubai na mabenchi. Kazi yangu kuteremsha watu na mizigo kutoka Lufingo siku za soko, njia ambayo masika magari mengine yalikuwa hayafiki. Ndizi, majani ya chai, wagonjwa, maharusi, majeneza pia. Fundi alilijua kuliko mimi. Miaka mingi alinitengenezea, na miaka mingi alinitukana, na nilimpenda. Sijui kama nilimwambia.

Siku moja, nikiwa Nkunga na mzigo, niliona mafuta ya breki yamepungua kwenye kikopo chake, silinda ya tairi la nyuma ilikuwa inavuja. Sikuwa na kopo. Duka karibu hakuna, na mvua inatishia kufunga njia. Kulikuwa na dereva wa trekta, akaniambia, "Mzee, oili ni oili, hii ya kunyanyulia jembe ni safi kabisa." Akanimiminia kwenye kikombe cha chai. Nikakitia chote. Pedeli ikapanda, nikashukuru Mungu, nikateremka.

Nilijua ni kosa. Fundi alikwishatuambia mara mia: oili ya mashine ikigusa raba za breki, raba zinavimba kama mandazi. Miezi kadhaa kabla alimkamata dereva mmoja aliyefanya hivyohivyo, akamfanya wimbo pale Msasani. "Njooni mumwone mpishi! Huyu anakaanga breki!" Yule mtu aliitwa Mpishi mpaka akahamia Mbeya. Sasa mimi, na mvi zangu, niitwe Mpishi? Siku ya pili pedeli ilianza kulegea. Nikanunua kopo la mafuta halisi, nikafyonza kile kikopo cha juu kwa kitambaa mpaka kikang'aa, nikajaza upya. Ndipo nikampelekea.

Alinisimamisha mbele ya gari.

"Nani ameendesha?"

"Mimi peke yangu."

"Umeweka nini?"

"Mafuta ya breki tu, Fundi. Silinda ya nyuma inavuja."

"Sawa."

Sawa. Neno hilo moja. Akavua kiatu.

Alifanya kazi yake kama kitabu. Akabadilisha silinda inayovuja. Akakaza bresheni tairi zote nne. Tukatoa upepo, tukianza na tairi la mbali. Pedeli bado inazama. Akachukua koleo zake alizozivalisha mpira wa baiskeli, akabana mipira ya breki, mmoja wa nyuma na miwili ya mbele. Mipira ikiwa imebanwa yote na pedeli ikawa ngumu, ugonjwa uko kwenye matairi. Ikibaki laini, ugonjwa uko masta. Ilibaki laini. Akafungua masta, akazitoa raba, akaziweka kiganjani.

"Zimevimba," alisema.

Nilikuwa nimesimama karibu naye kama ninavyokaa na hii kalamu. Akanyanyua macho. Nikaona swali linamjia mpaka kwenye midomo, na nikaona analimeza, kwa sababu nilikwisha kusema. Madereva watatu walikuwa wamekaa pale kwenye benchi wanakunywa chai. Lau wasingekuwepo! Lakini huo nao ni uongo, hata wasingekuwepo nisingesema.

Akaweka raba mpya. Pedeli ikawa ngumu siku tatu, ikalegea. Bila shaka ikalegea, oili imebaki ndani ya mabomba na inakula raba mpya. Akafungua tena, zimevimba tena. Sasa kwa vile alikuwa amenikubali mimi, ilibidi amkatae mtu mwingine. Akaenda kwa muuza vipuri, akamwambia mbele ya watu kwamba anauza raba bandia. Muuza vipuri akamjibu, "Mzee, raba hizi ananunua kila mtu, kwako tu ndiyo zinavimba. Kaangalie macho yako." Fundi alirudi bandani. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anakunywa chai bila kuikoroga.

Akaagiza raba nyingine Mbeya, akaziweka, tukatoa upepo nusu siku nzima. Akakaa kwenye mlango, akaufuta mguu wake, akakanyaga. Alikaa muda mrefu amefumba macho.

"Ngumu," alisema. "Mguu unaniambia ngumu. Nenda."

Nikaenda, nikijua. Nilijiambia labda oili imekwisha kutoka yote. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mwalimu.

Siku ya soko niliteremka kutoka Lufingo na kina mama tisa na ndizi zao. Kwenye ule mteremko wenye kona nilikanyaga, pedeli ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga maji. Nikapiga tena, chini. Nikaivuta hendibreki, nikalazimisha gia ya kwanza, gari likalia, kina mama wakaanza kumwita Kyala, ndiye Mungu wetu kwa Kinyakyusa. Nikaligonga kwenye ukingo wa udongo kusudi, likapanda, likaingia kwenye migomba, likasimama. Wote walitoka salama isipokuwa mmoja, mama mwuza maparachichi, si mke wa fundi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Alirushwa nje, mguu ukavunjika chini ya goti. Namsikia mpaka leo. Hakupiga kelele. Alikuwa anauliza, "Maparachichi yangu yako wapi?"

Watu walijaa. Na fundi akafika, kwa miguu, na mwavuli. Hakuuliza kitu. Mvua inanyesha, akakaa mlangoni, akavua kiatu, akakanyaga. Ikazama.

"Juzi ilikuwa ngumu," alisema.

"Ilikuwa ngumu, Fundi," nikasema mimi.

Akageuka kwa watu. "Mguu wangu uliniambia ngumu."

Halafu dereva mmoja, kijana wa watu, wala hakusema kwa ubaya, akasema, "Umri, Fundi. Mguu umekufa ganzi." Wengine wakaguna kukubali. Fundi aliuangalia ule mguu, umelowa, una matope, akaanza kuuvalisha soksi polepole. Pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilikuwa na watu, nilikuwa na gari mbele yangu, nilikuwa na mdomo. Nikashika turubai nikijifanya nalifunga.

Niliambiwa baadaye kwamba alikwenda kwa yule mama akiswaga mbuzi jike, akakaa chini udongoni, akasema, "Mimi ndiye niliyekuvunja." Yule mama alimtukana, na watoto wake wakamtukana. Akakaa mpaka wakamaliza. Banda akalifunga. Siku hizi hapo wanaosha bodaboda.

Gari nililipeleka Mbeya kwa fundi nisiyemjua. Akaniuliza, "Mzee uliweka nini humu?" Nikamwambia palepale, oili ya trekta, kikombe kimoja. Kwa sababu hakunijua! Akacheka kidogo, akaosha mabomba yote kwa spiriti, akatupa raba zote na mipira yote, akaweka mipya. Tangu hapo pedeli haikulegea tena. Kicheko chenyewe hakikufika hata dakika moja.

Miaka minne nikanyamaza. Niliogopa polisi, niliogopa wanangu, niliogopa watoto wa yule mama, lakini zaidi ya wote nilimwogopa yeye. Nikimwona kanisani nakaa upande mwingine. Alikuwa ameacha kuimba. Jina lake likawa msemo, mtu akikosea kazi wanamwambia, "Umekuwa kama fundi wa breki." Nilisikia hivyo kwenye msiba, kwenye baa, kwenye foleni ya zahanati, na kila mara nilikunywa kilichokuwa mkononi mwangu au nikaangalia chini.

Masika ya mwaka huu nikasikia mguu wake uleule wa kulia umeoza kidole, na hospitali wanataka kuukata. Nikapanda Lufingo kwa miguu. Ilikuwa mchana, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Nilimkuta barazani, mguu umefungwa bandeji umewekwa juu ya kigoda, anamenya ndizi na mkewe. Tukasalimiana, ugonile, ndaga, habari za watoto, habari za ng'ombe. Habari zikaisha. Nikamwomba mkewe kisu, nikaanza kumenya na mimi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Gwe dereva, afadhali umekuja. Nimeipata."

"Umepata nini, Fundi?"

"Ile hitilafu." Akaniinamia, macho yanang'aa. "Silali. Kila siku nalifungua lile gari kichwani, navua dramu, natoa silinda. Sasa nafikiri ni beringi za matairi. Zikilegea, dramu inacheza, inazisukuma bresheni nyuma, pedeli inazama. Ulisikia mlio wowote siku ile? Kumbuka vizuri."

Miaka minne. Amekaa hapo na mguu unaoza, anatafuta kosa lake.

"Hapana mlio," nikasema.

"Kumbuka, bwana."

"Fundi, niliweka oili ya trekta."

Mkewe akaacha kumenya. Fundi akaweka kisu chini.

"Kiasi gani?"

"Kikombe cha chai."

"Lini?"

"Siku mbili kabla sijakuletea. Halafu nikasafisha kikopo usijue."

Akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye utomvu wa ndizi. "Raba za masta zikavimba. Nikaweka mpya, oili iko kwenye mabomba, zikavimba. Nikaweka za Mbeya. Zilikuwa nzima siku ile, ndiyo maana ilikuwa ngumu. Halafu zikavimba." Akakunja kidole cha mwisho. "Kwa hiyo raba za yule bwana wa duka hazikuwa bandia."

"Hapana, Fundi."

"Na mguu wangu ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima."

Nilitegemea atanipiga. Nilitaka anipige. Alimwambia mkewe, "Mpigie simu yule mama. Na mwite jirani, na balozi wa nyumba kumi. Aseme mbele yao."

Wakaja mmojammoja. Jirani alipofika nikasema. Balozi alipofika, fundi akasema, "Anza upya." Nikaanza upya. Nikisahau kitu ananikumbusha: "Kikombe hujakitaja." "Sema ulivyosafisha." Yule mama alifika wa mwisho kwa fimbo, anachechemea, akaketi kwenye ukingo wa baraza, nami nikasema mara ya tatu nikimwangalia mguu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia fundi, si mimi, akamwita tata, ndiyo baba kwetu.

"Tata, nilikutukana mpaka mama yako."

"Ulinitukana."

"Na mbuzi wako nilimpokea. Amezaa."

"Wazae tu."

Akaomba maji. Mkewe fundi akaleta kikombe cha bati. Kwetu, mtu akishatoa la moyoni, anatia maji kinywani na kuyapuliza nje, kuonyesha kwamba limetoka na hana tena alilobakiza. Yule mama akayatia kinywani, akayapuliza uani, fuu, akafuta midomo kwa kanga. Jirani naye, aliyewahi kumcheka, akapuliza. Balozi ni mlokole, lakini akapuliza na yeye, akisema ni kwa heshima tu. Nikapewa mimi. Nilipuliza nusu, nusu ikanipalia, nikakohoa mpaka machozi, nikapiga magoti mbele ya fundi.

Kikombe kikamfikia fundi. Wote tulikuwa tunamwangalia. Akakishika kwa mikono miwili, akayaangalia maji, akakiweka chini karibu na maganda ya ndizi.

"Mimi bado," alisema.

"Baba," mkewe akamwambia, "mwenzio amepiga magoti."

"Namwona. Mimi bado."

Tangu siku hiyo nimezunguka Tukuyu yote. Nimesema Msasani kwa waosha bodaboda na madereva, nimesema kwa muuza vipuri, nimesema kanisani baada ya matangazo, nimeteremka mpaka Nkunga nikasema huko. Wengine wamenicheka, wengine wameniambia ningenyamaza tu, mambo yalikwisha kupita. Muuza vipuri alikwenda Lufingo mwenyewe na kilo mbili za nyama. Daktari anasema mguu usipokatwa mwezi huu utamchukua mzee mzima, na yeye amewajibu wamngojee kwanza, ana jambo hajamaliza.

Kila Jumapili baada ya ibada napanda kwake. Mkewe analeta kikombe bila kuambiwa, anakiweka kati yetu, anaingia ndani. Jumapili iliyopita fundi alikiinua mpaka mdomoni. Alikishikilia hapo muda mrefu, maji yanamwagikia bandeji, mimi niko chini naiangalia midomo yake.

Akakiweka chini.